Mguu wa Zlatina

Kijijini kwetu, chini ya milima ya Balkani, siku ya Mtakatifu Ignat mtu wa kwanza kuvuka kizingiti chako ndiye anayekuletea mwaka, wa heri au wa mkosi. Msinicheke. Nilikuwepo mwaka ule fundi bomba wetu, Zlatina, alipotangulia kuingia kwa Radka. Alikwenda kurudisha sufuria tu, masikini! Kabla ya Pasaka nguruwe wawili wa Radka wakafa na dohani ikaanguka.

Basi, akaitwa mguu wa nuksi. Mwanzoni walimwogopa siku hiyo moja, baadaye mwaka mzima. Fundi aliyefundwa mabomba na baba yake akabaki kuuza mayai, huku watu wakiita mafundi wa mjini. Mwaka mmoja, siku chache kabla ya Ignat, akaniambia, "Krismasi ikipita bila kazi, nafunga virago. Nakwenda kwa dada kufua mashuka ya hoteli." Niliumia, jamani.

Asubuhi ya Ignat nikasikia kelele kwa jirani yangu, Bibi Tsona. Mumewe naye anaitwa Ignat, na siku ya mtakatifu wa jina lako hualiki mtu, watu wanakuja tu. Adhuhuri nyumba ingejaa, na jiko limefurika maji machafu! Juzi yake fundi wa mjini alimwekea bomba jipya la plastiki, na pale linapoingia kwenye bomba la zamani la chuma akajaza saruji. Saruji na plastiki wapi na wapi! Ilipomwagwa sufuria ya kwanza ya maji ya moto, plastiki ikatanuka, saruji ikapasuka. Nikampigia simu fundi huyo. "Leo sikukuu," akasema. Nilimtukana tusi ambalo sitalirudia hapa, kisha nikakimbia kumwita Zlatina.

Alikuja na sanduku lake la vifaa. Tsona akaziba mlango kwa mikono miwili.

"Ishia hapo hapo! Leo? Na mguu huo?"

"Basi atangulie huyu," Zlatina akaninyooshea kidole.

"Huyo mjane! Huyo ndiye mkosi kabisa!"

Ndani, Mzee Ignat alikuwa akichota maji kwa beseni. "Tsona! Yamefika kwenye soksi! Unataka wageni wanikute naogelea?"

Tsona akasogea kwa shingo upande. "Ingia. Lakini mwaka ukiniharibikia, kwako napajua."

Zlatina akavuka kizingiti. Akapiga magoti majini, akaibandua saruji yote kwa patasi, akasugua mdomo wa bomba la chuma kwa brashi ya waya mpaka kutu ikaisha. Akapachika pete ya mpira mnene mdomoni humo, akapaka sabuni ncha ya plastiki, akaisukuma huku anaizungusha hadi ikagota. Kisha akairudisha nyuma kidogo, upana wa kidole.

"Sasa mbona unalichomoa?" Tsona akafoka.

"Likipata moto linarefuka, bibi. Nimeliachia nafasi."

Tsona hakungoja ruhusa. Alinyanyua sufuria iliyokuwa ikitokota akaimimina yote kwenye sinki. Akaleta ya pili. Mzee Ignat akalala kifudifudi, akapitisha leso yake mpya chini ya kiungo.

"Kavu!" akapiga kelele. "Kavu kama mkate wa juzi!"

Nikapiga makofi peke yangu. Tsona akasema tu, "Tutauona mwaka."

Na tuliuona. Mbuzi wake alizaa mapacha, na binti yake aliyekaa miaka tisa bila mtoto akajifungua. Kiungo hakikudondosha hata tone. Hadi majira ya kupukutika majani, Zlatina alikuwa ameunganisha mabomba ya nyumba kumi na moja, na mashuka ya hoteli akawaachia wengine.

Siku ya Ignat iliyofuata nilichungulia dirishani. Mlango wa Tsona ulikuwa umefungwa kwa komeo. Nje, kwenye theluji, walisimama mwanawe, padri, na Radka, yule yule wa nguruwe!

"Mama, fungua, tunaganda!"

"Gandeni! Hakuna mguu utakaoingia humu kabla ya Zlatina!"

Naye Zlatina huyo anakuja, katikati ya barabara, bila sanduku, mikono mfukoni. Na haki ya Mungu, alikuwa anajikokota makusudi.