Samaki wa Kutazama Tu

Jumamosi nilikuwa duka la dawa za mifugo mjini Arua, nikisubiri dawa ya kuku, alipoingia bwana mmoja na mama mkwe wake aliyetoka Koboko kuwatembelea. Bwana huyo ana kidimbwi bustanini, chenye samaki wekundu wa mapambo. Akamwinamia muuzaji. "Maji iko kijani, inanuka. Samaki inapanda juu kutafuta hewa."

"Unapatia chakula mingi?"

"Kidogo tu, asubuhi."

Mama akakohoa, akarekebisha mtandio. "Na mimi napatia posho, ugali ya mahindi. Kila nikikula, nayo inakula."

Bwana akashika paji la uso. "Mama, posho inaoza ndani ya maji! Itaua samaki!"

"Siku nilifika ulisema, 'Mama, karibu, samaki iko.' Niliona iko nyembamba, nikanenepesha."

Sote tukaangua kicheko, ila bwana. Mama mkwe hachekwi. Muuzaji akamwambia atoe tope la chini, abadilishe maji kidogo kidogo, na chakula kisimame kwanza.

"Sasa itaiva lini?" mama akauliza.

"Mama, hii hapana kula. Ni ya kuangalia tu."

Mama akamtazama kwa huruma, kama mgonjwa. "Mutu anafuga samaki, halafu anakula maharage?"

Juzi nilimkuta bwana sokoni. Maji yametakata, samaki wote wazima. Mkononi alishika fungu la samaki wakavu, zawadi ya mama kurudi nayo Koboko. Msomaji, ukifuga vya kutazama, mweleze mgeni kabla hajaketi.