Usingizi Wangu Umo Hifadhini

Wenzangu, nimeaibika. Niliwarekodi wanafunzi wa Mwalimu Hamisi, kule Mkongani, wakisoma hadithi, kisha nikaziweka sauti zao kwenye hifadhi ya mtandaoni ili watafiti wengine wazitumie. Sikuzisikiliza zote. Mchana ule wa joto usomaji wao ulinibembeleza, nikasinzia huku simu ikiendelea kurekodi.

Juzi, kwenye warsha ya walimu Diani, mtafiti mgeni alifungulia rekodi ya mchana ule. Watoto walisoma taratibu, nami nikaanza kusinzia tena. Mara ukasikika mkoromo, kisha sauti yangu, laini kabisa: "Hamisi, njoo nyumbani unipose."

Mtoto mmoja kwenye rekodi akanong'ona, "Tusimwamshe, anaota."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu Hamisi, aliyeketi kando yangu, akaniinamia. "Basi nije kwenu lini, bibie?"