Laini ya Mama

Wenzake walimwita Baridi kwa sababu alishinda na sweta mwaka mzima. Chumba cha mitambo ya intaneti hupozwa kama mochwari, na yeye ndiye aliyekitunza tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Kisha kampuni ikaamua kwenda na wakati. Kazi ya mitambo ile sasa ingefanywa na programu, ndani ya kompyuta zilizo mji mwingine, zisizohitaji mtu wa sweta. Meneja alimweleza hayo kwa uso wa msibani, akaongeza kwamba, kwa heshima ya utumishi wake, mtambo wa mwisho atauzima yeye. Wengine hupewa saa ya ukutani.

Siku yenyewe hakuwa na raha. Mama yake alikuwa kitandani, hali mbaya, akisubiri kitu kimoja tu: kumwona mwanawe wa kwanza, aliyeko ughaibuni, kwenye tableti alasiri hiyo. Dada mtu alikuwa anamuuguza.

Wateja wote walikwisha kuhamishwa. Meneja alihakikisha, Baridi akahakikisha tena, akabonyeza. Feni zikanyamaza. Watu wakapiga makofi, keki ikakatwa.

Keki haijafika mdomoni, dada akampigia kwa kitochi chake, simu ndogo isiyo na kamera.

"Mdogo wangu, huku intaneti imekata. Kaka ndiyo kwanza ametokea, mama hajavaa hata miwani."

Ndipo alipokumbuka. Laini ya mama hakuwahi kuiandikisha ofisini. Aliiunga mwenyewe kwenye mtambo ule, enzi za ujana, zawadi kwa mzazi. Haikusumbua hata siku moja, naye akaisahau, kama wanavyosahauliwa wasiosumbua.

Kuwasha tena kusingesaidia. Mara ulipozimwa, waya zote za mtaa zilihamia kwenye programu. Akakaa kumwandikisha mama kama mteja mpya. Programu iliyosifiwa kwa kasi ilitaka namba ya kitambulisho, kisha ikataka kujua mteja amesikiaje habari za kampuni. Kaka akapiga kwenye kitochi. Mama akakataa kupokea. Sauti anaijua, alisema, anataka sura.

Baridi alifika nyumbani kwa mama akihema, sweta mwilini. Dada alikuwa amekaa sakafuni; macho ya mama alikwisha kuyafumba. Juu ya meza taa ya kijani ya intaneti iliwaka, na tableti ikaanza kuita.

"Ni mimi niliyezima, kaka," alisema.

Kaka alisogeza uso karibu na kioo.

"Geuza nimwone."

Akaigeuza kuelekea kitandani, akaishikilia kwa mikono miwili. Picha ilikuwa safi, haikuganda hata kidogo.