Maabara ya Mabaki ya Mkonge

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Nilikuwa nimeshuka kutoka Ugweno hadi shamba la mkonge kule tambarare ya Same, na Mkuu wa Maabara akanipeleka moja kwa moja nyuma ya korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge na kuacha singa, yaani nyuzi zake. Huko yalimwagwa mabaki, yaani nyama ya majani na vipande vifupi vya singa, yakichacha juani. Mkuu, Muha wa Kigoma asiyepandisha sauti, alingoja nimalize, akanipa maji ya kusukutua. Alisema hata yeye alichukua muda kuizoea ile harufu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na tulihimizwa kutafutia matumizi kila kilichotupwa. Ugumu wa mmea hutokana na selulosi. Kuna kuvu zinazotoa vimeng'enya vya kuikatakata selulosi mpaka igeuke sukari. Tulichota mabaki yaliyooza, tukaotesha kuvu zake ndani ya chupa zenye ukanda wa karatasi, kwa kuwa karatasi nayo ni selulosi. Kuvu iliyotangulia kuukata ukanda ndiyo tuliyoikuza kwenye pumba zilizochemshwa, kisha maji yake tukayamwagia mabaki ili yalainike yawe chakula cha ng'ombe.

Bila kulainishwa yalikuwa hatari. Kijiji cha jirani kiliwahi kulisha ng'ombe mabaki mabichi. Singa zikajiviringa tumboni mwa ng'ombe kama mpira, baadhi wakafa. Tangu hapo Meneja wa shamba alikataza mtu yeyote kuyachukua.

Kisha kikaja kiangazi kibaya. Mama Naelijwa, mjane aliyepoteza ng'ombe mmoja kwa mabaki yale, alikuja maabara kuuliza kama yaliyolainishwa yangefaa. Alibakiwa na ng'ombe mmoja, na wajukuu walitegemea maziwa yake. Majani yalikuwa yamekwisha. Mkuu akaenda kwa Meneja kumwombea ruhusa, mimi na mama tukafuatana naye.

“Ng'ombe huyu naye akifa, Ndugu Mkuu, maabara naifunga,” Meneja alisema. “Sitaweza kuwatetea.”

Mkuu alikubali sharti hilo. Mama Naelijwa hakumgeukia yeye, alinigeukia mimi.

“Mwanangu, angekuwa ng'ombe wa mama yako, ungempa?”

Nilimwambia sina uhakika, ila ningempa kidogo kidogo huku nikimwangalia.

“Basi njoo umwangalie.”

Nikahamia kwake. Ng'ombe alikula vizuri mwanzoni, kisha asubuhi moja akaacha kucheua, akasimama kichwa chini. Nilimkanda tumbo kwa viganja, nikamnywesha maji ya uvuguvugu. Mama Naelijwa hakunilaumu. Aliendelea kupika uji wa wajukuu. Jua lilipokuwa utosini, taya la ng'ombe lilianza kusogea taratibu, akacheua. Mama alikaa chini pale pale jikoni, akalia.

Baada ya hapo kijiji kizima kilikuja na magunia, na Meneja mwenyewe akatupatia trekta ya kusambazia. Lakini mafuta ya dizeli yakawa shida nchini. Pumba zilihitaji kuchemshwa, na kuvu ilihitaji joto lisilobadilika, vyote kwa dizeli. Meneja alikuja maabara bila kofia, akasema mafuta aliyonayo hayatoshi hata kuendesha korona. Maabara ikafungwa, Mkuu akahamishiwa Dar es Salaam. Mimi nikapelekwa kiwanda cha nguo, na miaka ya mwisho kabla sijastaafu vimeng'enya vya jamii ile ile vililetwa kwenye mapipa kutoka ng'ambo, vya kulainishia suruali za jinzi.

Siku hizi wataalamu vijana hupanda huku Ugweno kuniuliza kuhusu kuvu, joto na chupa. Nawajibu ninachokumbuka. Mmoja tu, binti wa chuo, aliniuliza ni nini kilimfanya yule mama akubali. Nilimwambia ukweli kwamba sijui. Angekuwa ng'ombe wangu, na wa kwanza nimeshamzika, mimi nisingekubali.