Mti Juu ya Nyumba ya Bernadetha

Katika kijiji chetu, upande wa Kasulo, nyumba ya Bernadetha ndiyo msonge pekee uliobaki kwenye mstari. Nyingine zote zina pembe nne, kama watu walivyoagizwa walipohamishiwa hapa. Mumewe, Gozbert, aliujenga kwa haraka mwaka ule wa kuhama, mvua zikiwa karibu, akasema ni nyumba ya kujishikiza tu, watajenga ya maana kahawa ikianza kuzaa. Alipomaliza kuezeka alipanda mpaka kileleni akachomeka mti mfupi uliochongwa ncha. Katika ukoo wao mti huo unasema kwamba nyumba ina mwanamume. Huuchomeka mwenyewe. Akifa, ndugu yake hupanda kuung'oa, na ukishang'olewa ndipo watu hukaa matanga.

Mwishoni mwa mwaka sabini na nane lori lilipita kijiji kwa kijiji likichukua wanamgambo wa kwenda vitani. Gozbert alipanda. Vita vimekwisha, wenzake wamerudi, mmoja akitembelea fimbo, mwingine akiwa na redio begani. Kila mmoja anasema alipomwona mara ya mwisho alikuwa hai. Hakuna anayesema alimwona amekufa. Na kutoka serikalini hakuja mtu wa kusema lolote.

Binti yao wa pekee, Justina, ameolewa Nyamahanga. Bernadetha anaishi peke yake. Paa limechoka; nyasi zimekuwa nyeusi na laini kama mbolea, na mvua za mwaka jana alizipitisha akihamisha kitanda kuzunguka ukuta, kila wiki akisogea, mpaka akajikuta amelala karibu ya mafiga.

Mimi nafundisha shule ya kijiji. Kiangazi hiki kijiji kilipopata mabati, nilisimama mkutanoni nikasema yaanze kwa nyumba za waliokwenda vitani, la sivyo neno Ujamaa tulifute ubaoni. Walikubali. Lakini kila kiwanja kina nafasi ya nyumba moja tu, na mabati hayakai juu ya msonge. Kwa hiyo, ili Bernadetha apate nyumba ya bati, ya Gozbert lazima ibomolewe, na mti wake ushuke.

Nilikuwapo siku shemeji yake, Ildefonce, alipokuja na balozi wetu wa nyumba kumi, Anastazi.

"Shemeji," Ildefonce alisema, "mabati yapo, mafundi wapo. Ubishi wa nini?"

"Nani anabisha? Nimesema nataka kuziba kwa nyasi."

Anastazi alicheka. "Mama Justina, watu wanatukanana kwa ajili ya mabati, wewe unadai majani kama ng'ombe."

"Ng'ombe ana raha, balozi. Hakuna anayekwenda kumwuliza mumewe yuko wapi."

Ildefonce hakucheka. Aliangalia kileleni kwa muda. "Mama yetu amekufa akiniuliza habari zake," alisema. "Mimi pia nataka kumlilia ndugu yangu. Kila nikibanwa na kilio najifanya nakohoa. Niruhusu niutoe ule mti, tukae chini, tulie, tumalize."

"Umeona kaburi?"

"Sikuona."

"Basi utalia nini?"

Akasimama. "Haya. Lakini usinitume kuezeka. Mimi nikipanda pale, napanda kuung'oa."

Hapo ndipo tatizo lilipobana. Mwanamume asiye wa ukoo hapandi nyumba yenye mti, na mwanamke hapandi paa kabisa. Walipoondoka nilimwambia Bernadetha mimi siogopi mambo hayo, nitapanda.

Alinitazama kama anavyotazama wanafunzi wangu wakipita kwenye maharage yake. "Mwalimu, ukipanda wewe, kesho kisimani watasema Mama Justina kaolewa na mtoto wa shule. Na Gozbert akirudi utamwambia nini?"

Alikata nyasi bondeni mwenyewe. Jirani yake, Zita, alimsaidia kuzibeba mpaka aliposikia atakayepanda ni nani; akatua mzigo njiani.

"Mwanamke juu ya paa? Utaingiza balaa ndani."

"Balaa gani iliyobaki nje, Zita?"

Siku ya kazi alivaa suruali ya Gozbert ndani ya kitenge, akaikaza kiunoni kwa kamba. Mimi nilishika ngazi na kumrushia matita ya nyasi. Alichomoa zilizooza, akapachika mpya, akafunga kwenye fito, akipanda polepole. Waliopita barabarani waliinamisha macho. Anastazi alisimamisha baiskeli.

"Mama Justina, shuka. Unatuaibisha."

Nilishindwa kunyamaza. "Balozi, tunalima pamoja na kuvuna pamoja, halafu mke wa mpiganaji anaezeka peke yake. Hapo aibu ni ya nani?"

Alitazama ngazi, akanitazama mimi, akaondoka akisukuma baiskeli bila kuipanda. Namheshimu Anastazi, lakini nitaendelea kumwuliza swali hilo, yeye na wakubwa wake. Anayejua kumchukua mtu kwa lori ajue pia kuja kusema alikomwacha. Bati halijibu hilo.

Jua lilipoanza kulegea Bernadetha alifika karibu na kilele. Ildefonce alikuwa amekuja, amesimama nje ya ua, haingii.

"Usiuguse," alisema kwa sauti ya chini, lakini ilifika.

"Siugusi, shemeji."

Akashindilia nyasi kuuzunguka, kwa ncha za vidole, mti ukabaki ulivyokuwa, umeinama kidogo upande wa magharibi. Ildefonce alikohoa, akakohoa tena, akageuka kwenda kwake.

Kazi ilikuwa imekwisha, lakini Bernadetha hakushuka.

"Kumbe huku juu barabara inaonekana," alisema.

"Barabara gani, mama?"

"Waliyopitia."

Mimi chini nilikuwa naona migomba tu. Alikaa, mguu mmoja huku na mwingine kule, mgongo wake karibu na ule mti. Nilimwambia giza linakuja, atashindwa kuona ngazi. Akasema ningoje kidogo.

Baadaye nikasikia lori kwa mbali. Yeye aliliona kabla yangu. Alinyoosha shingo, mkono juu ya macho. Mlio ulikuja, ukawa mkubwa, haukupungua penye njia ya kuingilia kijijini, ukaendelea upande wa Rusumo mpaka ukapotea. Aligeuka tu, akaanza kutazama tena kule lilikotokea.