Ndoo ya Shigeno

Shigeno alisambaza chupa za maziwa mtaani kwetu, hapa Kanazawa, Japani, tangu tukiwa wasichana mpaka magoti yalipomgomea. Akikosea mlango, alirudi mwenyewe kuomba radhi, hata kwenye theluji. Mimi nina bafu la mtaa, ambako majirani hulipa kuoga, naye huja kila jioni kuoga. Ndivyo nilivyomkamata.

Saratani yake ya titi ilikuwa imeshafika kwenye ini, na dawa za kwanza zikashindwa. Daktari akamwanzishia dripu ya dawa mpya: kingamwili za kutengenezwa maabara, zinazoitambua seli ya saratani kwa alama yake, zikanata hapo na kuingia ndani yake na sumu ziliyoibeba.

"Inafanya kazi yangu, shoga," Shigeno akaniambia akicheka. "Inajua mlango wa nani."

Uvimbe ukasinyaa. Akaanza kula tena, na kunitania akaanza upya.

Kisha nikaanza kusikia ndoo. Shigeno, mtu wa kuoga kimya, sasa anajimwagia maji kwa kishindo kama anazima moto. Nikatega sikio. Chini ya kila kishindo kulikuwa na kikohozi kikavu.

Nikamfuata kwenye chumba cha kuvalia. "Daktari si alikuonya kuhusu kikohozi, kwamba dawa hii yaweza kudhuru mapafu?"

"Mafua tu hayo."

"Mafua gani hayana kamasi? Usinifanye mtoto, bibi we."

Akakaa, taulo mabegani. "Nikisema, wataikata dawa. Ndiyo inayoniweka hai, Tamae. Niache."

Niliogopa, sikufichi. Pengine hata mimi ningenyamaza. Lakini hasira zilinipanda.

"Sumu imemwagika mlango usio wake, nawe unanyamaza? Wewe? Kwa chupa moja ya maziwa ulikuwa unarudi kwenye theluji!"

Akavaa, akaondoka bila kuniaga.

Asubuhi alikwenda hospitali, akawaambia kuhusu kikohozi. Mapafu yalikuwa yameanza kuvimba, walisema amewahi. Dawa ile ikakatwa, na hatarudishiwa. Kikohozi kimetulia. Uvimbe je? Hakuna anayejua, tunangoja vipimo vya mwezi ujao.

Hakukanyaga kwangu mpaka jana. Alioga, ndoo haikusikika. Akatoka, akachukua chupa mbili za maziwa kwenye friji yangu, moja akaiweka mbele yangu.

"Umeninyang'anya dawa," akasema.

"Ndiyo."

"Basi kunywa. Na siku ya majibu unafunga bafu, tunakwenda wote."