Cherehani Iliyokemewa Al Baraha

Leo tumeombea cherehani. Msicheke bado.

Kesho Ijumaa ni ibada, maana huku Uarabuni kanisa letu husali Ijumaa, na gauni la mwisho la kwaya lilibaki kutiwa mikono tu.

Nikianza kushona, uzi wa chini unajikunja chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Nikatoa bobini yenye uzi huo, nikaisafisha, nikairudisha. Kiota tena! Nikaijaza upya, nikabadilisha na sindano. Wapi!

Machozi yalinilenga, jamani.

Mama Joy, tunayeishi naye chumba kimoja, akasema, "Hii si bobini, hii ni vita. Funga macho."

Akaishika mashine kwa mkono mmoja, akaitikisa, akakemea mpaka jirani akagonga ukuta.

"Amina!"

Nikashusha kile chuma kinachokandamiza kitambaa, nikakanyaga. Ikashona! Nageuza kitambaa, chini safi kabisa. Nilicheka hadi nikaketi sakafuni. Asante Mungu, khalas, yamekwisha!

Halafu nikajiuliza: nimeshusha chuma? Nani alikuwa amekipandisha?

Kumbe muda wote nilikuwa natia uzi wa juu chuma kikiwa chini, ndiyo maana haukuingia mahali pake ukakazwa. Uzi wa chini umelaumiwa bure, kama sisi kazini. Mkono wa Mama Joy ndio uliopandisha chuma, na ile mitikiso ikauingiza uzi mahali pake.

Sasa anataka kesho nisimame nitoe ushuhuda.

Niseme ukweli, ama niseme amina? Nishaurini haraka.

Gauni lenyewe ni lake.